Wiski Yenu Imeingia Moshi

Kwa Mpishi Mkuu wa Wiski,
Uskoti.

Mheshimiwa Mpishi,

Pole na kazi, na pole na baridi ya huko. Mimi ni Tefiro wa Nyakiyumbu, jirani na Bwera. Katika ukoo wetu mimi ndiye mwonjaji: kijana akija kuposa, pombe yake hupita kinywani mwangu kwanza, nami ndiye husema binti aolewe au angoje. Jumamosi kijana Tsongo wa Kasese mjini alikuja kumposa Mackline, binti wa marehemu kaka yangu, akaleta chupa yenu. Chupa nzuri ajabu! Lakini nyumba njema si mlango. Nikafungua, nikaonja mbele ya wazee. Sasa nalalamika, kwa heshima zote:

1. Pombe yenu imeingia moshi. Si mwingi, ni kidogo tu, na hapo ndipo penye aibu, maana inaonekana mpishi alijua akajaribu kuficha. Huku Bwera mama akitoa waragi, pombe yetu kali ya kupika nyumbani, yenye moshi, hutungiwa wimbo sokoni. Mke wangu Vasta alinusa glasi akapaza sauti: "Muzee, hii iko na moshi! Mupishi aliweka kuni mubichi!" Wazee wakacheka, Tsongo akatokwa jasho, posa ikasimama.

2. Tsongo akasoma maandishi ya chupa, akajitetea kwamba moshi huo mnauweka makusudi, kwa kuchoma udongo wa kinamasi. Mheshimiwa, mnachoma matope? Hali imefika huko na mmenyamaza? Sisi tuna mikalitusi hadi mlimani. Tutawachangia kuni kavu. Kanisani tutatangaza kwamba ni za wajane, msije mkaaibika.

3. Ili nisimdhulumu kijana, ilinibidi nionje tena. Nikasikia asali. Nikaonja tena, nikasikia ndizi mbivu. Nikarudia, nikasikia jiko la marehemu mama siku ya mvua, sisi watoto tumebanana tukingoja muhogo, nikaangua kilio mbele ya wakwe. Upande wa kijana wakapiga vigelegele, wakidhani nimebariki. Pombe gani hii inayomliza mwonjaji akiwa kazini?

4. Kwa hiyo nimetangaza kwamba Mackline haolewi mpaka wewe mwenyewe ufike Nyakiyumbu, ukae chini, Vasta akufundishe kuanika kuni. Mackline hanisalimii tangu siku hiyo, na inaniuma sana, maana nampenda mtoto huyu. Lawama zote ni zako.

Msalimie mama watoto, majirani, na huyo anayechimba matope. Mwambie hatuna ubaya naye.

Ni mimi mwenye uchungu,
Tefiro, Mwonjaji wa Ukoo

Nyongeza: Chupa imekwisha nikiwa katika kuhakikisha. Usijisumbue kuja, Mackline anaolewa. Vasta anamwagia kuni maji tangu juzi ili waragi yetu nayo iingie moshi kidogo, lakini moshi wake unatoka mkali mno. Tutumieni gunia moja la yale matope. Tsongo nimemwambia kwamba kwetu posa hurudiwa kila mwaka.