Nilivyolipigia Hesabu Dirisha

Jumapili, 2 Juni

Kesho tunahamia chumba kipya cha kushonea. Vitu vinne vya kugawana kati yangu na Shemeji, kaka wa mke wangu: meza ya dirishani, cherehani mpya ya umeme, kiti cha kuegemea na pasi nzito. Tajiri wetu ni mama asiyependa kelele, kwa hiyo ana sheria yake. Asubuhi mmoja anaandika kitu kimoja anachokitaka ubaoni kwa chaki, asubuhi inayofuata ni zamu ya mwenzake. Kilichoandikwa hakifutwi. Kupokezana, mpaka vyote viishe. Naanza mimi.

Ninachotaka ni dirisha. Humu naweza kusema ukweli: macho yamechoka. Mwezi uliopita nilishona tundu la kifungo likazibika kabisa, na sindano siku hizi naitungia uzi chooni, penye mwanga. Tajiri ameshasema nikiharibu koti jingine nahamia kupiga pasi. Miaka ishirini na sita ya vitundu vya vifungo, niishie kwenye pasi!

Mke wangu anasema niandike dirisha, basi, nirudi nyumbani nile. Mwanamke mwema, ila hana mbinu. Mimi nimesoma daftari la binti yetu anayesomea uchumi chuoni. Kurasa mbili za mwanzo. Linasema anza na hatua ya mwisho, kisha rudi nyuma. Nimerudi nyuma. Nikichukua dirisha, Shemeji anachukua cherehani, maana anaimezea mate tangu ilipoletwa. Nikiwahi cherehani, yeye mgongo unamsumbua, atakimbilia kiti. Dirisha linabaki langu. Navipata vyote viwili!

Ili asilitamani, wiki nzima tulipokuwa tukisafisha chumba nimelisema vibaya dirisha. Vumbi, jua, upepo. Kila nikilipita nakohoa.

Jumatatu, 3 Juni

Nimeandika CHEREHANI. Shemeji kasoma, kasema sawa, shemeji. Moyo wangu mweupe. Nimekula sahani mbili.

Jumanne, 4 Juni

Kaandika DIRISHA.

Nimesoma mara tatu, nikadhani ni macho. Mtu ana mgongo mbovu, kiti kipo, anachagua vumbi na upepo! Huyu hana akili ya kuchezea mchezo wowote.

Jioni binti kaniuliza nilijuaje kuwa mjomba wake anataka kiti. Nikamwambia namjua tangu hajaota ndevu. Akasema hesabu yote inategemea kujua mwenzako anataka nini, na hilo liko ukurasa wa tatu. Nikamwambia ale chakula chake kabla hakijapoa.

Jumatano, 5 Juni

Nimeandika KITI. Adhabu. Mgongo ukimkaza atakuja mwenyewe kunibembeleza tubadilishane, kiti kwa dirisha. Nimeegemea siku nzima, kiti kinalia mpaka kwa majirani. Hakuja. Kaniuliza tu kama kinanifaa. Nikamjibu kinanifaa sana.

Alhamisi, 6 Juni

Pasi ikabaki kwake. Ubao umeisha. Yeye dirishani, kakalia kreti ya soda. Mimi kwenye kona yenye giza na cherehani ambayo tundu la sindano yake ni dogo kuliko la ile ya zamani. Nusu saa kupitisha uzi, huku najifanya naikagua. Kisha nikashona mkono wa koti la bwana harusi pamoja na shati langu mwenyewe.

Shati ndilo lililokatwa. Mafundi wenzangu wamecheka mpaka wakakaa chini. Tajiri hakucheka. Kasema kesho nitoe vitundu kumi vya koti hilo na kizibao chake, na kimoja kikienda kombo, pasi inanisubiri. Nimeogopa, sitaficha. Sahani nimeirudisha imejaa.

Ijumaa, 7 Juni

Nimefika nikakuta cherehani na kiti changu viko dirishani. Shemeji aliwahi kuja kuvihamisha. Yeye kaenda kwenye kona yangu na kreti yake.

Kasema dada yake alimweleza habari za macho tangu mwaka jana. Aliponisikia nakohoa kila siku, akajua nimelitukana dirisha kiasi kwamba sasa nitaona haya kuliandika. Basi akaliandika yeye, aniwekee mpaka ubao uishe. Nikamuuliza anataka nini kwa hilo. Akasema anataka nianze kazi, bwana harusi anakuja saa tisa.

Uzi umepita mara ya kwanza. Vitundu kumi, vimenyooka vyote. Tajiri kavipitishia kidole kimoja kimoja, kaondoka bila neno. Kwake hiyo ni sifa. Nimefurahi mpaka nikasahau kupiga hesabu siku nzima.

Jumamosi, 8 Juni

Nataka Shemeji apate cherehani na kiti. Anastahili, na mgongo wake unanisuta. Mke wangu anasema nimwambie tu, chukua. Mwanamke mwema.

Nimeanza mwishoni, nikarudi nyuma. Nikimpa, atakataa kwa heshima. Akikataa, nitashindwa kumpa tena. Dawa ni avichukue mwenyewe, kwa kunionea huruma. Kwa hiyo leo nimeanza kuisema vibaya cherehani. Inanguruma, nimesema. Inakata uzi.

Shemeji kanipa pole. Kaacha chakula chake cha mchana, kaifungua, kaifuta, kaitia mafuta, uso umemkunjuka kama yuko kwenye harusi. Kisha kairudisha mezani kwangu na kusema sasa itanifaa miaka kumi.

Hatua moja tu imepotea. Jumatatu naanza kukikoholea kiti.