Daktari Kalmakoff na Mgonjwa wa Ndoo ya Bluu

Katika bonde zima la Slocan hapakuwa na mtu aliyejua maradhi ya mibangi kumshinda Lorne Kalmakoff. Na hapakuwa na mtu aliyeua mibangi mingi kumshinda Lorne Kalmakoff. Mambo hayo mawili hakuna aliyewahi kuyaweka pamoja, na wa mwisho kuyaweka pamoja angekuwa yeye mwenyewe!

Ukimkuta dukani ananunua maziwa, atakusomea maradhi ya majani. Ukimkuta posta, atakusomea majani. Siku ya maziko ya mzee Horkoff, jeneza halijashushwa, alichomoa jani kwenye shada la maua, akaliinua juani, akatikisa kichwa kwa majonzi kuliko wafiwa.

"Magnesi imepungua," alinong'ona. "Mishipa kijani, katikati manjano. Wangeniita mapema bado tungekuwa naye."

Mjane alidhani anamsema marehemu, akaangua kilio upya.

Mkewe, Polly, ndiye aliyekuwa na shida ya kweli. Sheria inaruhusu miche minne kwa kila nyumba, na hiyo minne aliipanda yeye. Kila vuli huyachemsha maua yake taratibu kwa mafuta na nta, akapata dawa ya kuchua vidole na magoti. Bila dawa hiyo vidole vyake hukakamaa wakati wote wa baridi, na mkate haukandwi. Mama yake alikanda mkate mpaka uzeeni, na bibi yake vilevile. Polly hakuwa tayari kuwa wa kwanza katika ukoo kula mkate wa dukani.

Sasa, mwezi wa tano Lorne alizua hoja. Miche isikae nje. Eti kulungu wataila.

"Tumewekea wavu, Lorne."

"Kulungu siku hizi wamechangamka, mke wangu. Hawa si wale wa zamani!"

Basi miche ikateremshwa kwenye chumba cha chini ya nyumba, kando ya tangi la maji moto, ikafungiwa taa za zambarau alizoagiza kwa mbwembwe. Taa hizo zilikuwa na nguvu ajabu. Ukishuka ngazi unajiona umetumbukia kwenye sufuria ya supu ya viazisukari vyekundu. Paka zambarau, ukuta zambarau, ndoo zambarau. Na katikati ya zambarau hiyo yote, Daktari Kalmakoff, kioo cha kukuzia mkononi, akatoa tamko lake la kwanza.

"Majani yamegeuka zambarau! Fosforasi imepungua!"

"Humu ndani kila kitu ni zambarau," Polly alimwambia. "Hata meno yako. Nayo yana upungufu wa fosforasi?"

"Usiniingilie kazini."

Akamimina chupa. Mche wa kwanza ukafa. Wa pili ulipoanza kuungua kingo za majani, akasema ni potasiamu, akamimina chupa nyingine. Ukafa. Wa tatu aliukuta na madoa, akasema ni chokaa imepungua, na kwa tahadhari akaupa na fosforasi, na potasiamu, na kitu fulani cha mwani kilichonuka kama soksi za mvuvi. Huo wala haukufa polepole. Ulianguka kama mtu aliyepigwa rungu!

"Tulichelewa," alisema Lorne, akavua kofia. Kila mche uliokufa ulikuwa umechelewa. Hakuna hata siku moja ambapo daktari ndiye aliyewahi mno.

Ukabaki mmoja. Polly alishuka kuutazama kila siku, roho juu. Mwezi wa nane aliona majani yamejikunja ncha kuelekea chini, kama vidole vyake mwenyewe asubuhi ya baridi. Akamwendea mumewe.

"Huu una njaa au umeshiba?"

"Umeshiba!" Lorne akacheka mpaka akakohoa. "Polly, umewahi kumwona kiumbe akafa kwa shibe?"

"Baba yako. Pasaka ile, kwenye sambusa za kabichi."

"Baba alikuwa na maradhi ya moyo!"

"Alikuwa na sambusa ishirini juu ya huo moyo."

Lorne akanuna, akashuka chini na chupa. Polly akavuka uzio kwenda kwa jirani yake, Dasha, aliyekuwa akimwagilia maboga ya maonyesho. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akalia kidogo. Hakuona aibu kulia mbele ya Dasha.

"Kila mtu kamwambia, shoga. Fundi wa taa kamwambia, dada yake kamwambia, mimi ndiyo hadi koo limekauka. Lorne hamsikilizi mtu yeyote duniani ila Lorne."

Dasha akafunga bomba. "Basi mpelekee Lorne mgonjwa."

"Kila siku yuko naye!"

"Yuko naye gizani. Mpelekee kwenye benchi."

Na hapo Polly akaelewa, akafuta machozi kwa aproni.

Katika maonyesho ya mavuno ya kwao, kati ya meza ya maboga na meza ya jamu, pana benchi refu linaloitwa Benchi la Wagonjwa. Mwenye mbangi uliougua anauleta alfajiri, anauacha hapo bila jina, maana hakuna anayependa kuaibika mbele ya majirani. Washindani wanapita, wanataja maradhi na tiba. Mshindi anavishwa utepe. Na akitaka, ana haki ya kumwita mwenye mmea ajitokeze, apewe ushauri ana kwa ana. Kwa adabu, hakuna mshindi aliyewahi kuitumia haki hiyo.

Siku ya maonyesho Lorne aliondoka kabla ya kifungua kinywa ili apate nafasi ya mbele. Gari lake lilipokata kona tu, Polly na Dasha wakashuka chini, wakauhamishia mmea kwenye ndoo ya bluu, wakaupandisha ngazi, wakauketisha kiti cha nyuma cha gari la Dasha na kuufunga mkanda.

Nje palikuwa na jua kali. Moshi wa mioto ya milimani ulikuwa umeondoka, anga jeupe. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa tano Polly aliuona mmea wake ulivyo. Kijani kilikuwa kizito hadi kukaribia weusi, kinang'aa kama kimepakwa mafuta. Kila jani limekunjamana kama ukucha wa kuku. Ncha zote zimeungua kahawia, na udongo umejaa ukoko mweupe wa chumvi. Aliuonea huruma kama mtoto.

Washindani walikuwa wawili tu waliothubutu: Lorne, na Gus Maloff, fundi bomba, ambaye kwa kila ugonjwa alikuwa na jibu moja. Mzee Fred Stoochnoff, mshereheshaji, akainua kipaza sauti.

"Mgonjwa wa kwanza!"

"Kiu," alisema Gus. "Apewe maji."

Lorne akasogea, akapapasa majani ya chini. "Nitrojeni! Manjano yameanzia chini, kwa majani ya zamani. Mmea wenye njaa unawanyang'anya wazee ukawape vijana. Ulishwe, kidogo kidogo."

Makofi! Polly akashangaa. Alikuwa amesema kweli.

"Mgonjwa wa pili!"

"Kiu," alisema Gus.

"Chuma," alisema Lorne. "Chini salama, juu ndiko manjano, mishipa imebaki kijani. Tena chuma kimo! Maji ya kisima yana chokaa nyingi, mizizi imeshindwa kukinyonya. Rekebisha maji kwanza, usikimbilie chupa."

Watu wakapiga miluzi. Polly akamtazama mumewe amesimama juani, kifua mbele, anasema maneno ya busara moja baada ya jingine, akakumbuka kwa nini alimkubali. Kumbe mtu huyu si mjinga! Ni kwamba amekaa kwenye mwanga wa zambarau miezi mitatu!

"Mgonjwa wa tatu, na wa mwisho!"

Polly akamsogelea Dasha. Dasha akamshika mkono.

"Kiu," alisema Gus. "Apewe maji mengi."

Lorne aliizunguka ndoo ya bluu. Akaizunguka tena. Akashika jani lililojikunja, akakwaruza ukoko wa udongo kwa ukucha, akaonja, akatema. Uso ukamwiva.

"Nani kafanya hivi?"

Watu wakatazamana.

"Nauliza, nani kafanya hivi! Huu haukukosa kitu. Huu umelishwa kama bata wa sikukuu! Nitrojeni hadi kooni, chumvi hadi magotini. Huyu si mkulima, huyu ni muuaji mwenye chupa! Mtu wa namna hii asipewe hata mchongoma alee!"

"Tiba?" aliuliza Fred, akiwa amerudi nyuma hatua moja.

"Maji matupu! Yapite, yatoke chini, yapite tena. Kisha mgonjwa aachwe. Aachwe apumue juani! Na huyo mwenyewe asiguse chupa ya mbolea mpaka theluji ianguke. Nyie wote ni mashahidi. Mkimwona ana chupa, mpigieni kelele!"

Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Fred akamvisha utepe. Lorne akaudaka mkono wa Fred pamoja na kipaza sauti.

"Natumia haki ya mshindi! Mwenye mmea huu ajitokeze!"

"Lorne, kwa adabu zetu huwa hatu—"

"Ajitokeze!"

Polly akainua mkono, akapita mbele kwa magoti yake mabovu.

Lorne akamtazama kwa huruma kubwa. "Polly, mke wangu! Ulipanda mwingine kwa siri? Huu ni wa tano! Utatufungisha jela!"

"Ni wa nne, Lorne."

Lorne akautazama mmea. Akamtazama Polly. Akautazama mmea tena, kama mtu aliyekutana na mama mkwe ufukweni.

"Ule wa kwangu ni zambarau," alisema kwa sauti ndogo.

"Ulikuwa."

Fred akanyoosha kidole polepole. "Bwana Kalmakoff, tusaidie. Kuna uwezekano daktari kakosea?"

Hapo Polly akaona vita usoni mwa mumewe. Akisema daktari kakosea, utepe unavuliwa. Akisema daktari yuko sahihi, muuaji mwenye chupa amesimama pale pale, ndani ya viatu vyake. Jasho likamtoka.

"Daktari," alisema hatimaye, "hajakosea."

Polly alitaka kumbusu! Alijua kiburi kile kitawaokoa siku moja, hakujua tu kwa njia gani.

"Basi twende kwenye zawadi!" Fred aliita haraka, akainua kutoka chini ya meza dumu kubwa la mbolea ya maji, lenye utepe mwekundu shingoni.

Lorne alinyoosha mikono miwili, kwa mazoea.

"USIGUSE!" uwanja mzima ulinguruma. Wauza jamu walinguruma, mjane wa Horkoff alinguruma kuliko wote, hata kwaya ya kanisa iliyokuwa ikijiandaa nyuma ya hema ilinguruma kwa sauti nne.

Mikono ikarudi mfukoni. Dumu likaenda kwa Dasha na maboga yake. Gus Maloff, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake alikuwa amepatia tiba, aliubeba mmea mpaka kwenye bomba la uwanja, akafungulia maji, uso umemng'aa kwa fahari. Maji yakatoka chini ya ndoo yakiwa ya kahawia, kisha ya manjano, kisha safi. Polly akapiga magoti kando yake, akayanyoosha yale majani moja moja kwa vidole vyake vigumu.

Bingwa wa bonde zima alisimama nyuma yao na utepe kifuani, akisubiri mtu amwulize kitu. Polly aligeuka, akamwomba asogee kidogo pembeni, anamzibia mgonjwa jua.