Jaji wa Chumba Namba Tisa

Nahumu Sanga alikuwa anakunywa chai mgahawani mtaa wa Ramadhani, Njombe, aliposikia wanaume wawili wa meza ya pili wakicheka mpaka mmoja akapaliwa na chapati.

"Pikipiki nyekundu, mpya kabisa," alisema yule aliyesalimika. "Mmoja anayo pikipiki, mwingine anao ufunguo. Wameviziana hivyo tangu masika!"

Nahumu akaweka kikombe chini. Kwa mtu mwingine hicho kilikuwa kichekesho. Kwa Nahumu, ambaye hakuwa na kazi inayojulikana lakini hakuwahi kuonekana bila koti, hayo yalikuwa maelezo ya pikipiki isiyo na mwenyewe.

Akahamia meza ya pili, na chai haijapoa alikuwa ameshaijua kesi yote. Bashiru, mwenye malori wa Makambako, na Filbert, mkulima wa viazi wa Yakobi, walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana. Siku moja Filbert alifika Makambako koo limemkauka kwa vumbi, Bashiru akamnunulia soda. Ilikuwa miaka ile ya mambo ruksa, soda mpya zinaingia kila kukicha, kila moja na zawadi yake chini ya kizibo. Filbert akang'oa kizibo kwa meno, akasoma, akakaa chini kwenye mchanga. Pikipiki!

Sasa ni ya nani? Ya aliyenunua soda au ya aliyeinywa? Kampuni ya soda haikutaka maneno. Ilishusha pikipiki uani kwa Bashiru, ikamkabidhi Filbert ufunguo, ikapiga picha, ikaondoka zake. Tangu siku hiyo marafiki hawakusalimiana tena, na kuku wa Bashiru walikuwa wanatagia kwenye siti.

Kesho yake Nahumu alikuwa Yakobi, amevaa koti la mtumba la rangi ya majivu, kwapani ameshika jalada tupu.

"Kamwene, baba."

"Kamwene," Filbert alijibu bila kuacha kupalilia. "Kama ni dawa ya panya, tunayo."

"Mimi ni Msajili wa Baraza la Usuluhishi kwa Njia ya Simu."

Jembe likasimama.

Nahumu akaeleza, kwa upole wa padri anayemzika tajiri, kwamba dunia imebadilika. Mambo ya kulala kwenye benchi la mahakama ukingoja jina lako liitwe yamepitwa na wakati. Siku hizi jaji anakaa Dar es Salaam, kwenye kiti kinachozunguka, anasikiliza mashauri ya nchi nzima kwa simu. Haki imeacha kupanda basi, sasa inapita kwenye waya.

"Na akishaamua?"

"Ndiyo basi. Hakuna rufaa. Utakata rufaa kwa nani, na simu imeshakatwa?"

Filbert akajikuna shingo. "Atajuaje nasema kweli, wakati hanioni?"

"Baba, huo ndio uzuri wake! Hamwoni mwenye suti, hamwoni mwenye kiraka." Nahumu akasogea, akashusha sauti. "Halafu yule jaji ni mtu wangu. Soda iko tumboni mwa nani? Mwako. Umeshashinda. Ila usimwambie mtu."

Jioni ile ile alikuwa Makambako, ameshika jalada lile lile.

"Soda imetoka mfukoni mwa nani, mzee Bashiru? Mwako. Na yule jaji ni mtu wangu."

"Lakini hiyo si rushwa, kijana?" aliuliza Bashiru, mtu wa swala tano.

"Rushwa ni ya mahakamani. Huu ni usuluhishi."

Bashiru akaridhika sana. Aliridhika hata alipoambiwa kwamba kanuni zinataka kielelezo kifike barazani kikiwa safi, ufunguo wake upo na tangi limejaa mafuta.

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Baraza lingekaa kwenye ukumbi wa gesti moja karibu na stendi ya Makambako, gesti ya kisasa yenye simu chumbani na swichibodi ya kuziunganisha mapokezi. Chumba namba tisa angekaa Laurenti, mzaliwa wa Lugarawa, aliyewahi kuimba besi kwaya ya kanisani mpaka vioo vikatetemeka. Laurenti ndiye angekuwa jaji wa Dar es Salaam. Angeamuru Msajili mwenyewe akipeleke kielelezo Dar kikaguliwe, naye Msajili angeondoka nacho mbele ya macho yao, wakimpungia mkono.

Swichibodi ilishikwa na Rehana, msichana wa mapokezi. Nahumu alikuwa ameshamlainisha zamani. Kwa miezi miwili alikuwa akimwahidi maisha ya Dar es Salaam, na safari hii alimwahidi kwamba watakwenda kwa pikipiki, yeye mbele, Rehana nyuma amemshika kiuno.

Asubuhi ya shauri ukumbi ulifagiwa mara mbili. Simu yenye spika iliwekwa mezani, imefunikwa kitambaa cheupe kama bibi harusi. Pikipiki iliegeshwa mlangoni, imeoshwa mavi ya kuku. Ufunguo ukawekwa mbele ya Nahumu. Filbert na Bashiru walikaa huku na huku, hawatazamani, kila mmoja ana tabasamu la mtu aliyekwisha shinda.

Simu ikalia.

"Dar es Salaam hao, shikeni laini!" Rehana aliita kutoka kwenye kidirisha cha mapokezi, kisha akakifunga.

Nahumu akafunua kitambaa, akabonyeza spika, akasubiri besi ya Laurenti.

"Baraza limeanza," ilisema sauti nyembamba ya kike, ikitokea puani. "Hapa ni Jaji Margareth. Jaji mwenzangu amepata dharura. Amelala."

Koti likambana Nahumu. Yule aliyesema alikuwa anasemea ndani ya kikombe cha bati, lakini mtu aliyeitwa "mpenzi" na sauti ile kwa miezi miwili hadanganyiki na kikombe.

"Msajili, upo?"

"Nipo... Mheshimiwa."

"Filbert, soda uliimaliza?"

Filbert akainuka, akaivulia simu kofia. "Nilibakiza kidogo, Mheshimiwa. Nikampa Bashiru aonje."

"Bashiru, ulionja?"

"Funda moja tu, Mheshimiwa. Lilikuwa halina gesi."

"Basi mmekunywa wote. Na fedha ya kununulia ulipata wapi?"

Bashiru akakohoa. "Siku ile... nilikuwa nimebeba viazi vya Filbert, akanilipa."

"Basi mmelipa wote."

Wanaume wale wawili walikuwa wamegombana muda wote huo bila hata mmoja kuliwaza jambo hilo.

"Sasa," simu iliendelea, "kama kuna mtu ameahidiwa ushindi kabla ya kesi, ainue mkono."

Mkono wa Filbert ukapanda. Wa Bashiru nao ukapanda. Wakatazamana.

"Na wewe?"

"Kumbe na wewe?"

"Siwaoni," ilisema simu, "lakini nimesikia mikono miwili. Msajili, pikipiki hiyo ina siti za watu wangapi?"

"Wawili, Mheshimiwa."

"Ajabu. Jana usiku ilikuwa ya mtu mmoja."

Hapo Nahumu akaelewa. Jana, akiijaribu laini kutoka ukumbini, alikuwa amemwambia Laurenti, kwa kicheko kirefu, kwamba Rehana atabaki na swichibodi yake kwa sababu pikipiki ile ina nafasi ya mtu mmoja tu mwenye mipango. Na katika gesti ile hakuna neno lililotoka chumba hadi chumba bila kupita mapokezi.

"Baraza linaamuru hivi," ilisema sauti ya puani, sasa imenoga. "Kielelezo kipelekwe kukaguliwa. Akipeleke mhudumu wa gesti hiyo, binti asiye na upande. Msajili abaki chini ya ulinzi wa wadai wote wawili, kila mmoja na mkono wake."

"Napinga, Mheshimiwa!"

"Kwa hoja ipi?"

Nahumu akafumbua kinywa. Hoja alikuwa nayo, tena nzito. Jaji hakuwa Dar es Salaam. Jaji alikuwa nyuma ya ukuta, hatua chache kutoka pale, ana kikombe mdomoni. Lakini angelijuaje hilo, yeye Msajili? Akatazama ngumi za Bashiru, akatazama viganja vya Filbert vilivyokomazwa na jembe.

"Sina hoja, Mheshimiwa."

"Baraza limefungwa."

Muda si muda Rehana akatokea, amejitanda mtandio, amevaa sweta na begani ana begi lililokwisha fungwa.

"Nasikia kuna kitu cha kupeleka?" aliuliza kwa unyenyekevu wa kumtoa nyoka pangoni.

Bashiru akamwonyesha gia. Filbert akaifuta siti kwa kofia yake. Pikipiki ikagoma kuwaka, maana ilikuwa imekaa sana, kwa hiyo ikabidi isukumwe. Na kwa kuwa kila mdai alikuwa amemshika Msajili mkono mmoja, naye Msajili akawa anasukuma. Walisukuma watatu, wanahema, mpaka injini ikanguruma, na Rehana akachukua barabara ya Iringa mtandio ukipepea. Hakugeuka nyuma.

"Binti mwaminifu," alisema Filbert.

Wakarudi ukumbini, wakamkuta Laurenti ameketi katikati ya sakafu, shati limepishana vifungo. Alikuwa amemaliza dumu la pombe ya ulanzi aliloletewa chumbani alfajiri, zawadi ya mapokezi. Alipowaona watu wamevaa kama wa mahakamani akakumbuka kazi iliyomleta.

"Tulieni!" alinguruma kwa besi. "Hapa ni Dar es Salaam!"

Vioo vikatetemeka. Filbert akamtazama Laurenti, Bashiru akaitazama simu, kisha wote wawili wakakitazama kile kidirisha kilichofungwa. Halafu, bila haraka, wakamgeukia Nahumu. Tangu siku ya kizibo walikuwa hawajakubaliana hata kwa salamu, lakini pale walikubaliana papo hapo, na hawakuhitaji maneno.

Nahumu angelipa kwa jasho. Angebeba mizigo ya Bashiru na kuvuna viazi vya Filbert. Ubishi uliobaki ulikuwa nani aanze naye, na ubishi huo ulichacha hadi wakashikana mashati.

"Viazi vitaoza," aliamua Laurenti kutoka sakafuni. "Aanze Yakobi."

Wakaona amesema kweli. Wakashikana mikono, wakakumbatiana, Bashiru akaagiza chai ya watu wawili.

Siku zilizofuata utingo mmoja wa lori alileta habari kwamba Iringa kuna dada amefungua ofisi ya usuluhishi, ana pikipiki nyekundu mlangoni na simu mbili mezani, na watu wanapanga foleni.

Nahumu alizipokea habari hizo akiwa amepiga magoti kwenye tuta, koti limetundikwa kwenye mti wa uzio, mvua nyembamba ya Njombe ikimwingia shingoni. Kando yake Konsolata, mke wa Filbert, alikuwa anajaza debe la pili.

"Mama," Nahumu alianza, akijifuta tope mdomoni, "umewahi kufikiria uvunaji wa kisasa? Kuna wenzetu Dar es Salaam wanavuna kwa—"

Konsolata akamsogezea debe tupu.

"Viazi vidogo weka peke yake, Mheshimiwa," alisema. "Hivyo ni vya nguruwe."