Maoni Yenu Tumeyapokea Kabla Hamjayatoa

Mheshimiwa mgeni rasmi, ambaye kwa unyenyekevu mkubwa ni mimi mwenyewe, Ilyas Ameir, Mratibu Mkuu wa Mradi wa Sauti ya Mteja, masheikh wetu, wenyeviti wa vijiji kutoka Kirongwe mpaka Jibondo, mama lishe wote, vijana wa bodaboda, mliozima pikipiki na mliokaidi, na ninyi mliokuwa mnajipitia mkadhani hapa kuna pilau: itifaki imezingatiwa. Assalamu alaykum! (Wanaitikia, wengine wakipiga miayo.)

Ndugu wananchi, leo tunazindua Sanduku la Maoni ya Wateja, sanduku la kisasa, shirikishi na endelevu, ambalo ndani ya fremuweki yake mteja akila wali kibandani ataandika kama nazi ilitosha, maoni hayo yatachakatwa kimkakati, na mama lishe atajengewa uwezo wa kuongeza nazi. (Makofi kutoka meza kuu.) Mimi, bila kujisifu, nimehudhuria semina kumi na moja kuhusu sanduku hili, na zote nilikula nikashiba.

Takwimu zetu zinaonesha kwamba asilimia tisini na saba ya wateja wameridhika. ("Mlimuuliza nani?" anauliza mtu kutoka nyuma.) Swali zuri sana. Wataalamu walikaa kwenye vibanda vya Kilindoni siku tatu wakihesabu, na kila aliyemaliza kula akasema alhamdulillah, tulimwandika ameridhika. (Kicheko. Mzee Kombo: "Mimi nasema hata nikilishwa wali mbichi!") Tunakufahamu, mzee wangu, umehesabiwa mara tatu. Asilimia tatu iliyobaki walikwamwa na mwiba, hawakuweza kusema.

("Na kibanda changu je?" Ni Bi Warda, muuza wali kwa pweza.) Shikamoo, Bi Warda. ("Marahaba. Nifungue lini?") Nakuja hapo, mama. Ndugu zangu, Bi Warda tulimfungia kibanda miezi minne iliyopita kwa kukusanya maoni kiholela. Alikuwa anamuuliza mteja ana kwa ana, "Chumvi imekolea, mwanangu?", anajibiwa, na palepale anarekebisha, bila fomu, bila kikao, bila muhtasari! Tungemwachia, leo kila mfanyabiashara angekuwa anamsikiliza mteja wake anavyotaka. (Minong'ono.) Kwa hiyo sharti ni jepesi mno: siku sanduku litakapoanza kazi, na kibanda kitafunguliwa. ("Miezi minne wajukuu zangu wanalishwa na majirani, mwanangu! Huoni haya?") Pole sana, mama. Hayo nayo ni maoni, yaandike, utayatumbukiza.

Sauti ya mteja! (Watu wanatazamana.) Mnajibu, "Isikike!" Sauti ya mteja! ("Isikike," anajibu Sadick, katibu wa Mratibu, peke yake.)

Nihitimishe kwa shukrani. Nimshukuru fundi Matano wa Jibondo, atakayelichonga sanduku letu kwa ustadi mkubwa mara tu tutakapomjulisha. Niwashukuru wafadhili wa mradi, popote walipo, maana bado tunawatafuta. Na kwa namna ya pekee nimshukuru Bi Warda, kwani hiki mnachokiona kimefunikwa kitambaa cha kijani ni meza yake, tuliyoichukua siku ya kumfungia, tukaona uzinduzi usikose kitu cha kuzindua.

(Bi Warda anakuja mbele, anavuta kitambaa, anajitwisha meza yake.) Mama, hiyo ni mali ya mradi! ("Nakwenda kupika. Mwenye njaa anifuate.") (Watu wanainuka, meza kuu nayo inainuka.) Ndugu wananchi, ahsanteni sana kwa kunisikiliza. Sadick, na wewe unakwenda wapi?