Lazima Pawe na wa Mwisho

Ijumaa, 4 Julai

Ripoti ya Falone imefika! Leo wamefunga shule kwa likizo ya baridi, na ripoti ya binti yangu wa pekee imeingia kwenye simu nikiwa bado na koti la kazi. Nikatafuta nafasi yake darasani. Hakuna. Nikatafuta asilimia. Hakuna. Nikaipandisha, nikaishusha. Nikaifungua kwa simu ya mama yake, labda yangu ndiyo mbovu. Hakuna! Maneno tu: anaridhisha, anaendelea vizuri, ni rafiki mwema, ni raha kuwa naye darasani. Nani kauliza habari za urafiki? Mimi nilimpeleka akasome desimali.

Nimewapigia kabla hawajafunga ofisi. Dada wa mapokezi akaeleza kwa upole kwamba hawawapangi watoto kwa nafasi. Nikamwambia naelewa, sitamwambia mtu, aninong'oneze tu. Akasema hata yeye hajui. Nikamwuliza kama mwalimu mkuu anajua. Akanitakia likizo njema.

Mimi Akilimali nina maoni, na nayaandika hapa kwa kuwa nyumbani hakuna anayeyasikiliza. Shule za huku ugenini zinabembeleza. Mtoto akipoteza kofia, anaazimwa nyingine kutoka sanduku la vilivyopotea. Akisahau kazi ya nyumbani, anaulizwa anajisikiaje. Wanafundishwa kupiga mswaki, kupumua, kuvuka barabara. Sisi wazazi tumebaki madereva. Kwetu Bukavu mwisho wa mwaka kulikuwa na proklamasio: wazazi wote wamekaa uwanjani, mkurugenzi wa shule anasoma majina kwa sauti, kuanzia wa kwanza. Wa mwisho alijua kwamba ni wa mwisho. Mtaa mzima ulijua! Hapo ndipo mtoto anajifunza kuwajibika. Lazima pawe na wa mwisho.

Kwa hiyo nimetangaza mezani kwamba Falone hatarudi shule. Atasomea nyumbani, kwangu. Mke wangu Léocadie, aliyekuwa ametoka kuhudumia wazee kutwa nzima, hakuinua hata macho kwenye sahani. Akasema kusomesha nyumbani si kufunga mlango tu. Kuna kibali cha serikali, na mtu wa kuja kukagua. Kisha akatoa sharti. Nina likizo yote ya kujaribu. Mwisho wake Falone mwenyewe ataulizwa, mbele za watu. Akichagua shule yangu, Léocadie ataomba kibali. Akichagua shule yake, nifunge mdomo mpaka amalize sekondari.

Nimekubali. Falone akasema, "Papa, seriously?" Ndivyo alivyo. Namwongelesha Kiswahili, ananijibu Kiingereza, na ana miaka kumi na moja tu. Hilo linaniuma kuliko ripoti, ila nimeamua kupigana vita moja baada ya nyingine.

Jumatatu, 7 Julai

Ufunguzi wa shule! Mahali: gereji. Mkurugenzi, mwalimu na mlinzi: mimi. Masomo yalitakiwa kuanza saa mbili asubuhi. Yameanza saa nne. Si kosa langu. Zamu ya jana jioni kazini ghalani ilichelewa kuisha, na asubuhi za mtaa wetu huu wa Mount Druitt mwezi huu hazimruhusu mtu kutoka kitandani.

Falone alikuwa gerejini tangu saa mbili, amevaa glavu, anajisomea. Niliwasha hita, umeme ukakatika nyumba nzima. Nikamfundisha jedwali la kuzidisha kwa kuimba. Analijua tayari. Nikamfundisha miji mikuu ya Afrika. Akanisahihisha miwili.

Nikabandika ukutani sheria ya kwanza ya shule: HAKUNA VISINGIZIO. Kila kisingizio, alama moja inakatwa. Falone akauliza, kwa Kiingereza, kama sheria hiyo ni ya watu wote. Bila shaka! Huko ndiko kuwajibika. Najivunia sana sheria hii.

Jioni nikasoma matokeo. Wa kwanza: Falone. Akatabasamu. Halafu akagundua kwamba wa mwisho pia ni Falone, akacheka mpaka akakaa chini juu ya tairi la akiba. Shule haiwezi kwenda hivi. Nahitaji mwanafunzi wa pili, awe wa mwisho.

Jumatano, 9 Julai

Nimempata! Kelly, mtoto wa Gratien. Huyu Gratien ni Mrundi, anakaa mtaa wa nyuma yetu, na tunasali naye kanisa moja, kule Granville. Alikulia kambini Tanzania, Kiswahili chake kimepigwa pasi, na ana tabia ya kunisahihisha hata nikiwa naomba. Sebuleni kwake ukuta mzima ni vyeti vya Kelly kwenye fremu. Cheti cha tabasamu. Cheti cha kusaidia wengine. Cheti cha kukaa vizuri kwenye zulia! Mtoto aliyelelewa kwa vyeti hana kitu kichwani. Ananifaa kabisa.

Gratien sikumwambia hivyo. Nilimwambia nimeona kipaji. Akafurahi sana, akauliza kama chakula kitatolewa. Nikasema kitatolewa. Kelly anaanza kesho.

Ijumaa, 11 Julai

Matokeo ya wiki. Hesabu: Kelly. Jiografia: Kelly. Kiswahili: Kelly, na anakiongea kama mtangazaji wa redio. Wa pili, na wa mwisho: Falone. Nimeyasoma mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu, maana sheria ni sheria.

Falone hakulia. Aliokota mkoba wake akaenda chumbani, na jioni yote hakunisemesha, hata kwa Kiingereza. Gratien alipokuja kumchukua Kelly aliomba cheti. Anasema ukutani kwake bado kuna nafasi karibu na dirisha.

Naogopa. Nilitaka mtoto awe imara, sasa ananikwepa kwenye korido. Mimi na yeye tulikuwa tumebakiwa na maneno machache, na hayo machache nimeyapunguza.

Kazini nako mambo si mazuri. Wameweka skrini kubwa inayoonyesha majina yetu kwa kasi ya kupakia, mwenye kasi juu, mzembe chini. Mimi niko chini tena. Mfumo wa kishenzi! Mtu mzima anaanikwa mbele ya vijana kama nguo za ndani. Hawaangalii kwamba goti linauma, wala kwamba toroli langu lina gurudumu bovu. Léocadie kauliza skrini hiyo ina tofauti gani na proklamasio. Tofauti ni kubwa. Kwenye proklamasio kuna vigelegele. Akaenda kulala.

Jumatatu, 14 Julai

Falone karudi gerejini! Kaja na Kelly, wameshikana mikono. Wamekuwa marafiki, jambo ambalo halikuwemo kwenye mpango. Wana wazo: mwalimu naye afanye mitihani. Kila mmoja atunge mtihani wake, wengine waufanye. Kelly atatunga Kiswahili, mimi nitatunga hesabu, na Falone atasimamia somo la kuwajibika na kujumlisha alama za wote. Nimekubali kabla hawajamaliza kueleza. Mimi nitakuwa wa kwanza, kama inavyofaa. Falone atakuwa wa pili, kwa sababu nitamsaidia kidogo pembeni. Kelly atabaki palepale nilipomkusudia tangu mwanzo. Proklamasio ni Jumapili, kwenye ukumbi wa kanisa. Wiki hii imeanza vizuri.

Jumanne, 15 Julai

Nimempa Falone majibu ya mtihani wangu kwa siri. Kanirudishia. Kasema huo ni wizi, akanikata alama tano papo hapo. Nikaeleza kwamba nilifanya kwa ajili yake. Akakata ya sita.

Alhamisi, 17 Julai

Siku ya mitihani. Nilichelewa, lakini kosa ni la saa ya jikoni. Alama moja. Nilisahau kalamu, lakini Léocadie ndiye huwa anazihamisha. Alama moja. Nikalalamika kwamba baridi inagandisha vidole. Alama moja! Nikakuna kichwa tu, na nashukuru hilo halikukatwa.

Kelly kanifelisha Kiswahili. Mimi! Anasema naongea vizuri lakini naandika kama mtu anayekimbia mvua. Hesabu nilizotunga mwenyewe zingeniokoa, ila imeamuliwa kwamba mtunzi haruhusiwi kufanya mtihani wake. Sheria hiyo sijui ilipitishwa lini.

Nilipokuwa natoa pipa la taka barabarani nikasikia sauti jikoni. Falone alikuwa anamwuliza mama yake maneno ya Kiswahili. "Kutangaza" inasemwaje, "nafasi" inasemwaje, halafu anayarudia polepole, anakosea, anaanza upya. Anasema hataki Kelly amshinde tena. Nikasimama nje na pipa langu mpaka walipomaliza. Nilifurahi mno. Sikuingia, nilihofu nitamkatiza.

Jumapili, 20 Julai

Proklamasio!

Ukumbi ulijaa baada ya ibada. Akina mama walikuwa wameleta fufu na sombe ya majani ya muhogo, Gratien kaja na tai na kamera, mimi nimevaa suti ya harusi ambayo sasa inafungwa kifungo kimoja. Nilikuwa nimeandaa hotuba juu ya kuwajibika. Niliisoma yote. Pasta alisinzia, lakini huwa anasinzia hata kwenye mahubiri ya wageni.

Halafu Falone akapanda na karatasi yake. Nilidhani atasoma Kiingereza. Akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni: "Wa kwanza, iko Kelly. Wa pili, iko mimi, lakini tuko karibu sana. Wa tatu na wa mwisho, iko papa yangu. Papa iko na visingizio mingi."

Ukumbi ulipasuka! Watu walipiga meza. Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa mke wangu mwenyewe. Gratien alipiga picha mpaka betri ikaisha. Nikainuka kukata rufaa, nikaeleza habari za saa ya jikoni, na Falone akatangaza kwa utulivu kwamba alama nyingine imekatwa.

Ndipo Léocadie akasimama akauliza lile swali, kama tulivyoahidiana. Falone anataka shule ipi? Mtoto akaniangalia mimi, si mama yake. Akasema, "Mimi nitarudia ku masomo yangu, ku shule ile. Nayapenda, na rafiki zangu wako kule. Lakini shule ya Papa pia nilipenda. Tuifanye Jumamosi. Mwalimu nitakuwa mimi, juu Papa bado hajajua vitu mingi."

Nimeshindwa, na kanisa zima ni shahidi. Lakini aliongea Kiswahili! Mbele ya watu wote, kile cha kwetu, kibovu na kitamu, na alinitazama akiongea. Tangu akiwa mdogo sijapata sentensi ndefu namna ile kutoka kwake. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Nililia pia. Sitafuti kisingizio, nililia tu. Njia nzima ya treni kurudi nyumbani Falone alinilalia begani, na mimi nikakaza bega lisisogee, nikiogopa kuharibu.

Jumanne, 22 Julai

Falone karudi shule. Nimemsindikiza kwa miguu. Getini, mbele ya rafiki zake, akasema, "Kwa heri, Papa," kisha akakimbia. Mwalimu wake akanisalimia vizuri. Nikamwuliza, kwa upole kabisa, kama kweli haiwezekani kuwa na hata ka-orodha kadogo ka nafasi, ka kuangalia sisi wawili tu. Léocadie akanivuta koti. Nimemkumbusha kwamba kufunga mdomo hakujumuishi kuuliza.

Jumamosi, 26 Julai

Darasa la kwanza la Mwalimu Falone. Alifungua saa mbili kamili. Mimi nilifika karibu saa mbili. Kanifundisha desimali kwa Kiswahili, Kiingereza kikiingia mahali pagumu, na mahali hapo tukatafuta neno pamoja. Alinisifu mara moja. Sijafurahi hivi tangu tufike nchi hii.

Tatizo ni moja tu. Mwisho wa somo alisoma matokeo, na mwanafunzi nilikuwa peke yangu.

Sasa nimeona kosa la likizo ile lilikuwa wapi. Nilichagua mtoto. Watoto hawatabiriki! Safari hii nimechagua mtu mzima. Nimekwenda moja kwa moja kwa Gratien, nikamwambia nimeona kipaji. Ni mtu wa maneno mengi, lakini desimali hajui, nina hakika, na kalamu anaishika kama mwiko. Amekubali mara moja. Anasema ataanza kujisomea usiku huu huu. Ajisomee tu, maskini.

Nimeshampigia Pasta atuwekee ukumbi mwezi wa tisa. Nimemwomba atangaze mapema, ili watu waje wengi.