Shanga za Mayasa Zapita Darajani

Jumatatu, 3 Februari
Leo nimefungua darasa! Kibao nimekiandika mwenyewe: PROFESA MUDRIK, FUNDI WA MAPAMBO. Uprofesa nimejipa, lakini mtu aliyefika Maskati na Mombasa anastahili. Skuli niliacha darasa la sita, kwa hiari. Nshapata wanafunzi watatu, wageni wa kike kutoka Paje. Walikuja kuruka na matiara ya baharini, upepo umekatika, hawana la kufanya. Safi! Jirani yangu Anuar, anayefundisha vipuli vya vifuu, ana kumi. Ngoja aone.

Taabu moja: sijui kutunga shanga. Mayasa alipotoka kwenda sokoni nikafungua kasha lake, nikatoa shanga zake za kiunoni. Nyekundu tatu, nyeupe mbili, dhahabu moja. Mtungo aliubuni mwenyewe mke wangu, siku za fungate. Nimenakili, nimerudisha. Nani atajua? Duniani tunaujua wawili tu!

Jumanne, 4 Februari
Somo la kwanza. Sindano, uzi wa mshipi, shanga sinia zima. Sinia nimelipiga teke mwenyewe. Nusu saa, profesa na wanafunzi tuko chini ya meza tunaokota. Kutunga wamenishinda. Nimewaambia hiyo ndiyo sifa ya mwalimu mzuri. Mmoja akauliza zinavaliwa wapi. Mimi mtu mwenye haya. Nikasema shingoni. Mwengine kasahau pochi Paje. Nikamsamehe ada, nikamnunulia na bakuli la urojo.

Jumatano, 5 Februari
Balaa! Wanafunzi wangu wamepita sokoni Darajani na shanga shingoni. Wauza mboga wamecheka mpaka bilingani zikamwagika. Bibi mmoja kavua kanga yake ya juu, kamfunika mgeni shingo: jisitiri mwanangu, mchana huu! Mgeni akashukuru, kadhani zawadi. Habari kaniletea Anuar, mbio, hana pumzi. Akasema vifuu vyake angalau havina siri ya mtu.

Sikujali. Nikajali nilipofika nyumbani. Mayasa naye alikuwa Darajani, ananunua bamia. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu fundi wangu nani. Nikasema kipaji. Akavaa buibui, akabeba kasha, akaenda Chukwani kwa mama yake.

Alhamisi, 6 Februari
Chai nimeunguza. Chai! Nyumba kimya, hata paka ananitazama vibaya. Asubuhi wageni wamekuja na wenzao watano, wote wanataka mtungo ule ule. Wanafunzi wanane! Nimewafukuza. Kwanza nikaomba nirudishiwe zile shanga tatu. Mbili nimepewa. Ya tatu mwenyewe kaipenda, kakataa. Nikambadilishia kwa saa yangu ya Maskati. Saa ilikuwa haiendi, lakini roho imeniuma. Nyuzi zote nimezikata, shanga nimezitia kwenye chupa.

Ijumaa, 7 Februari
Baada ya sala, Chukwani, na chupa yangu na halua. Mama mkwe, Bi Fathiya, kaitikia shikamoo yangu kama anatema kokwa. Akauliza kama binti yake kaozwa mume au mpiga mbiu. Nikampa halua. Mayasa akatoka, macho yamevimba. Alisema kicheko cha Darajani si kitu, hakuna aliyejua ni za nani. Ila ule mtungo ulikuwa wetu, yeye na mimi, na sasa hana hamu ya kuuvaa tena.

Nikainamisha kichwa. Mimi! Kisha nikasema nimekosa, nikakomea hapo, bila kuongeza uongo. Akaipokea chupa. Atarudi kesho, kwa sharti moja ambalo nimeliapia: sitonakili tena chochote kilichomo nyumbani kwetu.

Jumamosi, 8 Februari
Mke wangu anarudi! Nimekwenda kumbebea begi. Nimefika mapema, Bi Fathiya kaanika vitu vyake uani vipigwe na jua. Juu ya mkeka, shanga za kizamani, samawati na zafarani, mtungo sijapata kuuona maisha yangu. Mayasa yumo ndani anaaga. Nikakumbuka sharti, neno kwa neno: nyumbani kwetu. Chukwani si kwetu. Nimeuchora wote kiganjani. Darasa Jumatatu, saa tatu.

Nadhani ni za shingoni. Sikuuliza.