Noti ya Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Fundi saa ana noti kumi na mbili. Mimi kumi na moja. Zote za kale, za benki za watu binafsi zilizochapisha pesa zao wakati wa ukoloni, kisha zikafa zikasahaulika. Jumamosi chama chetu cha wakusanyaji kina maonyesho pale maktaba, na mwenye noti adimu kuliko zote ndiye mwenyekiti. Fundi saa awe mwenyekiti! Afadhali nihame mtaa.

Kumbe mali iko nyumbani. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea, ana noti moja kwenye albamu, nyuma ya picha ya marehemu mumewe. Ya benki ambayo hata jina sijawahi kulisikia! Nikamwomba, akakataa. Mke wangu akamwomba, akakubali, kwa sharti kwamba irudi kama ilivyo. Nikaapa.

Jumanne, 4 Machi
Noti chafu mno. Imekunjwa mara nne, na chini mtu asiye na adabu ameichorachora kwa wino. Mahali pawili! Watu wengine sijui walilelewa wapi. Nikachukua kifutio, pamba na sabuni kidogo. Kazi ya asubuhi nzima. Michoro yote imetoka. Nikamalizia na pasi. Mke kaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia azoee kuitwa mke wa mwenyekiti.

Jumatano, 5 Machi
Nimempitia fundi saa kibandani kwake, kumringishia tu. Akaweka kioo chake jichoni, akaigeuzageuza noti. Nikajua kijiba cha roho kimempata. Kisha akauliza saini ziko wapi. Nikamuuliza saini gani. Akanieleza polepole, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji, kwamba benki ile, tofauti na za noti zangu zenye saini za mashine, ilichapisha noti bila saini, halafu meneja na karani wakazisaini kwa mkono, moja moja. Bila saini hizo ni karatasi tu. Nikajikaza kisabuni, nikasema hayo nayajua tangu zamani. Nikaondoka kabla hajauliza jingine.

Ijumaa, 7 Machi
Dawa ni rahisi: kilichofutwa kiandikwe tena. Saini ya meneja nimeibuni, yenye mikia mingi, ya kibwanyenye kabisa. Ya karani ndiyo iliyoniponza. Miaka kumi na tisa nasaini fomu za stoo, na mkono una mazoea. Nilipoinua kalamu nilikuta nimeandika jina langu kamili. Na tarehe ya leo.

Jumamosi, 8 Machi
Niliiweka noti pembeni, penye kivuli. Watu wakapita. Hata fundi saa alipita, akishughulika na zake. Nikaanza kupumua. Ndipo mama mkwe akaingia na mke wangu. Akainama, akaitazama sana, akauliza mwandiko wa mzee uko wapi.

Mzee ndiye aliyekuwa karani wa benki ile. Noti hiyo aliisaini mwenyewe, akampa mama siku alipomposa. Nyumba yao iliwahi kuungua, na mwandiko wake mwingine haukubaki popote.

Nimeona aibu ambayo sikuijua kabla ya leo. Nikasema kweli yote, nikaomba radhi. Hakunigombeza. Alisema tu, "Basi, baba, yamekwisha," akaifunga noti kwenye leso, akaenda kukaa nje. Laiti angenigombeza. Fundi saa ndiye mwenyekiti. Mke hasemi nami.

Jumapili, 9 Machi
Nimeamka na wazo. Noti ya kale yenye saini ya mtu aliye hai, duniani kote ipo moja tu. Moja! Huo ndio uadimu wenyewe, na fundi saa hana. Sasa zangu kumi na moja zikae za kawaida kwa nini? Kabla ya chai nimezisaini zote.

Moja nimemtengea mama mkwe, kumpoza moyo. Hiyo nimeihangaikia zaidi: nimeiga mwandiko wa mzee, kadiri ninavyokumbuka ulivyokuwa kabla ya sabuni. Safari hii nimetumia wino usiofutika.